Haki ya Kila Nota: Louise Farrenc, Mwalimu wa Piano wa Paris

Tarehe 18 Mei 1804 Ufaransa ilitangazwa kuwa milki, na Napoléon Bonaparte akawa mfalme wake mkuu. Siku 13 baadaye, tarehe 31 Mei, katika jiji la Paris lililokuwa bado linajizoesha kutamka cheo hicho kipya, mchongaji sanamu Jacques-Edme Dumont alipata mtoto wa kike. Akaitwa Jeanne-Louise. Familia hiyo iliishi Sorbonne, mahali ambapo leo ukipataja watu wote hufikiria chuo kikuu. Wakati ule chuo kilikuwa kimefungwa na Mapinduzi ya Ufaransa, na majengo yake yalikuwa yamegawiwa wachoraji, wachongaji na watu wa sanaa nyingine, waishi humo na wake zao na watoto wao.

Kwa ukoo wa Dumont uchongaji ulikuwa urithi. Jacques-Edme alikuwa mchongaji, baba yake alikuwa mchongaji, na babu yake vilevile. Kaka yake Louise, Auguste, aliyemtangulia kwa karibu miaka mitatu, naye alikuja kuishika patasi na kulipandisha jina la familia juu kuliko wote waliomtangulia. Waswahili husema mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Louise hakuchonga, lakini alikulia mahali ambapo kila mtu alijua kwamba mkono haufundishiki kwa siku moja. Jiwe likikatwa vibaya halirudi. Anayejifunza hukaa miaka karibu na anayejua, akitazama, akiiga, akikosolewa. Alichokiona utotoni ndicho alichokuja kukifanya maisha yake yote, ila yeye malighafi yake ilikuwa vidole vya watu.

Alianza piano mapema, kwa mwalimu wa kike aliyeitwa Cecile Soria. Huyo Soria alikuwa mwanafunzi wa Muzio Clementi, Mwitaliano aliyehamia London na kutunga baadhi ya mazoezi ya piano yanayotumika mpaka leo. Baadaye Louise alipata pia mafunzo kwa Ignaz Moscheles na Johann Nepomuk Hummel, wapigaji waliokuwa na sifa Ulaya nzima. Hummel mwenyewe, alipokuwa mtoto, aliishi na kufundishwa nyumbani kwa Mozart. Upigaji wa piano una silsila yake, kama elimu ya shehe inavyoshuka kwa mwanafunzi wake, na Louise aliipokea kutoka pande mbili.

Kupiga kulikuwa jambo moja. Kutunga kulikuwa jambo jingine, na huko mlango ulikuwa umefungwa. Conservatoire ya Paris, chuo cha muziki cha taifa kilichoanzishwa mwaka 1795, kiliwapokea wasichana katika madarasa ya piano na uimbaji, lakini darasa la utunzi lilikuwa la wanaume peke yao. Wazazi wake hawakukubali jambo liishie hapo. Mwaka 1819, Louise akiwa na miaka 15, walimpeleka kwa Anton Reicha ajifunze kwake kwa faragha.

Reicha alikuwa Mcheki aliyezaliwa Prague mwaka 1770. Ujanani aliketi katika okestra moja na Beethoven, kule Bonn, na urafiki wao ulidumu. Kuanzia mwaka 1818 alifundisha katika Conservatoire hiyohiyo iliyomfungia Louise mlango. Miongoni mwa waliopita mikononi mwake ni Berlioz, Liszt, Gounod na César Franck. Alijulikana hasa kwa kutungia vikundi vya ala za kupulizwa: filimbi, oboe, klarineti, honi na basuni. Hizo ala tano, ambazo watunzi wengi waliziweka nyuma ya fidla kama watumishi, yeye alizipa sauti ya kusema. Somo hilo lilimwingia Louise, na tutaliona likizaa matunda miaka 30 baadaye.

Mwaka 1821, kabla ya kutimiza miaka 18, aliolewa na Aristide Farrenc, mpiga filimbi kutoka Marseille aliyemzidi umri kwa miaka 10. Masomo yalikatika kwa muda, wakasafiri wakipiga matamasha pamoja. Lakini maisha ya njiani hayakumfaa Aristide. Aliyaacha, akafungua Paris nyumba ya kuchapisha muziki. Humo alichapisha kazi za mkewe, na pia kazi za Beethoven na za Hummel kwa wasomaji wa Ufaransa. Louise alirudi kwa Reicha kumaliza alichokianza. Mwaka 1826 walipata binti, Victorine, aliyekuwa mtoto wao wa pekee.

Kuna mambo mengi yanayoweza kusemwa kuhusu Aristide Farrenc, lakini moja linatosha: katika zama ambazo mume angeweza kumwambia mkewe aweke kalamu chini, na watu wakaona ni sawa, yeye alizipeleka kurasa za mkewe kwenye mtambo wa kuchapia.

Ili kuielewa kazi ya Louise, hatuna budi kuiangalia ala yenyewe. Piano ya miaka ya 1820 ilikuwa bado inabadilika. Ukibonyeza kibao, nyundo ndogo iliyovikwa ngozi hurushwa, hugonga nyuzi, kisha huanguka. Zamani kibao kilipaswa kurudi juu kabisa ndipo nyundo iweze kurushwa tena. Mwaka 1821 kampuni ya Érard ilisajili mtambo mpya unaoidaka nyundo katikati ya safari yake, ikabaki karibu na nyuzi. Sasa kibao kikipanda nusu tu, unaweza kugonga tena. Kwa msikilizaji, matokeo yake yalikuwa nota ileile ikirudiwa kwa kasi ya mvua juu ya bati. Kwa mpigaji, ilikuwa ala inayoitika kila anachokitaka, na inayofichua kila anachokikosea.

Paris ilishikwa na wazimu wa kasi. Wapigaji kama Liszt na Thalberg walijaza kumbi. Mtindo uliotamba ulikuwa kuchukua wimbo kutoka opera iliyokuwa midomoni mwa watu na kuuvisha mapambo ya vidole: ngazi za nota zinazopanda na kushuka, mikono inayorukiana, ngurumo mwishoni. Piano iliingia pia katika sebule za watu wa kipato cha kati, na kila binti wa nyumba yenye uwezo alitakiwa aweze kupiga kitu wageni wakija. Walimu walihitajika, na waliotaka kipande kizuri cha haraka walikuwa wengi kuliko waliotaka kujifunza.

Louise naye alitunga vipande vya aina hiyo katika ujana wake. Hata hivyo, mtindo huo yeye aliutia nidhamu. Mwaka 1836 Robert Schumann, mtunzi wa Kijerumani aliyekuwa akihariri gazeti lake la muziki huko Leipzig, alipata mikononi mwake utunzi wa Louise juu ya wimbo wa Kirusi. Schumann alikuwa mkali kwa takataka za sebuleni. Huu aliusifu, akaona ndani yake mkono safi na mafunzo ya kweli.

Miaka miwili baadaye ukatoka mkusanyiko unaomweleza Louise kuliko maneno yoyote: mazoezi 30 ya piano, opus 26, yaliyochapishwa mwaka 1838. Tuyatazame kwa karibu kidogo. Muziki wa Ulaya wa wakati ule ulitumia funguo 24, 12 za furaha na 12 za huzuni, kama walimu wanavyopenda kuzigawa kwa mkato. Ufunguo wa C wa furaha ni rahisi kuusoma, kwa kuwa hutumia vibao vyeupe tu. Zipo funguo nyingine ambazo karibu kila nota iko kwenye kibao cheusi, na mkono unapaswa kuingia ndani zaidi, kidole gumba kikitafuta mahali pake pembamba kati ya vibao. Mwanafunzi akiachwa achague mwenyewe, atazunguka katika funguo tatu au nne anazozizoea, kama mtu anayekaa mjini miaka 20 na kujua njia moja ya kwenda sokoni. Mazoezi ya Louise yanapita katika funguo zote. Hakuna kona ya ala unayoruhusiwa kuikwepa.

Tena hayakuandikwa kama adhabu ya vidole. Kila zoezi ni kipande cha muziki kilichokamilika, chenye mwanzo, safari na mwisho. Mkono wa kushoto haukuachiwa kazi ya kugonga tu chini huku wa kulia ukiimba; nao una maneno yake. Anayefunzwa hivyo anajifunza mapema kwamba hakuna nota iliyoko pale ya kujazia nafasi. Kila moja ina haki yake: urefu wake, uzito wake, zamu yake ya kusikika. Mwaka 1845 Conservatoire iliyaingiza mazoezi hayo katika masomo yake rasmi.

Wakati huo mtunzi wake alikuwa tayari ndani ya chuo. Mwaka 1842 Louise Farrenc aliteuliwa profesa wa piano wa Conservatoire, akiwa na miaka 38. Mwaka huohuo mtunzi wa opera Daniel Auber alishika ukurugenzi baada ya Luigi Cherubini. Wanawake waliowahi kupewa cheo hicho walihesabika kwa vidole. Mmoja wao alikuwa Hélène de Montgeroult, aliyefundisha miaka michache ya mwanzo kabisa, kuanzia 1795. Louise alidumu miaka 30.

Darasa lake lilikuwa la wasichana, kwa kuwa chuo kilitenganisha jinsia. Na hapa tujihadhari tusilidharau darasa hilo kwa jinsi lilivyotengwa. Kila mwaka wanafunzi walipiga mbele ya jopo la waamuzi, na bora wao walipewa tuzo ya kwanza. Kwa kijana wa kiume tuzo hiyo ilikuwa hatua ya kuelekea jukwaani. Kwa msichana asiye na mali ilikuwa zaidi ya hapo: ilikuwa cheti cha kujitafutia riziki. Aliyekuwa nayo aliweza kufundisha piano majumbani na kulipwa vizuri kuliko asiyekuwa nayo, na kusimama kwa miguu yake katika jamii iliyomwachia kazi chache za heshima. Wanafunzi wa Madame Farrenc waliipata tuzo hiyo mara nyingi. Mwaka 1844 aliipata Victorine, binti yake mwenyewe, akiwa na miaka 18.

Kwa hiyo alikuwa mwalimu mchana. Alitunga wakati gani? Orodha ya kazi zake katika miaka ileile inashangaza. Alikwishaandika tangulizi mbili za okestra mwaka 1834, na moja kati ya hizo ilipopigwa Paris mwaka 1840 Berlioz aliisikia na kusifia namna Louise alivyozipanga ala. Zikafuata kwinteti mbili za piano na ala za nyuzi. Kisha simfoni tatu: ya kwanza mwaka 1841, ya pili 1845, ya tatu 1847.

Simfoni ni kazi ya kukatisha tamaa kwa mtu asiye na jina kubwa. Mwenye wimbo wa piano anahitaji piano na mpigaji mmoja. Mwenye simfoni anahitaji watu 50 au zaidi, ukumbi, nakala ya kila ala iliyonakiliwa kwa mkono, siku za mazoezi, na hadhira. Paris ilikuwa jiji la opera. Aliyetaka umaarufu na fedha alitungia jukwaa la waimbaji. Louise hakutunga hata opera moja iliyofika jukwaani. Njia aliyoichagua ilikuwa ile ya Reicha na Beethoven, njia ya ala tupu zinazojieleza bila maneno, na alijua kwamba njia hiyo ilikuwa na wapita njia wachache nchini mwake. Simfoni yake ya kwanza ilisikika kwanza Brussels, mwaka 1845, ambako msomi wa muziki François-Joseph Fétis aliongoza Conservatoire ya huko.

Ya tatu, katika ufunguo wa G wa huzuni, ilipata bahati kubwa zaidi. Mwaka 1849 ilipigwa Paris na Société des Concerts du Conservatoire, okestra iliyoanzishwa mwaka 1828 na ambayo iliwafungulia Wafaransa masikio kwa simfoni za Beethoven. Okestra hiyo ilijulikana kwa kubagua ilichokipiga. Watunzi hai walisubiri miaka na wengine hawakuitwa kamwe. Ilipofungua kurasa za profesa wa piano wa darasa la wasichana, ulikuwa ushindi ambao mtu yeyote wa muziki katika jiji lile aliuelewa.

Machi 1850 ukaja ushindi mwingine. Katika ukumbi wa Érard, mali ya watengenezaji walewale wa piano, ilipigwa kwa mara ya kwanza hadharani kazi yake ya ala tisa, opus 38: fidla, viola, chelo na besi kubwa upande mmoja, filimbi, oboe, klarineti, honi na basuni upande wa pili. Somo la Reicha lilikuwa limeiva. Ala za kupulizwa hazikai nyuma ya nyuzi. Zinabadilishana nazo maneno, kama wazee barazani, kila mmoja akisubiri mwenzake amalize. Aliyeshika fidla alikuwa Joseph Joachim, kijana wa miaka 18 aliyekuwa njiani kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa karne hiyo. Paris ilipiga makofi, magazeti yakasifu.

Miezi minane baadaye Louise alichukua karatasi akaandika barua.

Tangu ateuliwe alikuwa akilipwa pungufu kuliko maprofesa wanaume wa piano. Mmoja wa wenzake alikuwa Henri Herz, aliyeteuliwa mwaka uleule wa 1842. Herz alikuwa nyota, mtu wa matamasha na pia mtengenezaji wa piano, na kwa miaka kadhaa mwishoni mwa miaka ya 1840 alikuwa Marekani akizunguka na kupiga, mbali na darasa lake. Louise alikuwa Paris, darasani. Wanafunzi wake walikuwa wanashinda. Mazoezi yake yalikuwa yanatumika. Lakini mwisho wa mwezi bahasha yake ilikuwa nyembamba.

Barua aliiandika Novemba 1850 kwa mkurugenzi, Auber. Hakulalamika kwa machozi, wala hakuhubiri. Alieleza miaka aliyoitumikia kazi, akaomba alipwe sawa na wenzake, kisha akaongeza hoja ambayo inafaa kusomwa polepole. Fedha zikiwekwa kando, alisema, tofauti hii yenyewe inanisema vibaya: mtu atakayeiona anaweza kudhani kuwa sikuitumikia kazi niliyokabidhiwa kwa bidii na uangalifu unaotakiwa. Hoja hiyo ilimgusa Auber pale ambapo mkurugenzi hawezi kujibu kwa kukwepa. Ama profesa huyu hafanyi kazi yake, na hilo kila tuzo ya wanafunzi wake ilikuwa inalikanusha; ama anafanya, na basi mshahara ule ni kosa la hesabu linalopaswa kusahihishwa.

Auber aliusahihisha. Louise Farrenc akaanza kulipwa sawa na wanaume.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara naona mkono uleule ulioandika yale mazoezi 30. Aliyefundisha kwamba nota isiyo na sauti kubwa nayo ina haki ya kupewa urefu wake kamili, hakuona sababu ya kuikubali hesabu iliyomkatia yeye sehemu. Alidai kwa usahihi uleule aliofundishia.

Miaka iliyofuata ilikuwa na kazi nzuri. Mwaka 1852 alitunga seksteti ya piano na ala tano za kupulizwa, mkusanyiko ambao karibu hakuna aliyekuwa ameutungia. Zikaja trio mbili, moja yenye klarineti na moja yenye filimbi, na sonata ya chelo. Mwaka 1861, na tena mwaka 1869, Académie des Beaux-Arts ilimpa Tuzo ya Chartier, iliyowekwa kwa watunzi wa muziki wa ala chache.

Lakini tuzo hiyo ilipofika mara ya kwanza, nyumba ile ilikuwa imepoa. Victorine alikuwa ameugua akiwa bado kijana. Jukwaa alilofunzwa kwa ajili yake tangu utoto aliliacha baada ya muda mfupi, na ugonjwa ukamkalia miaka. Januari 1859 alifariki, hajatimiza miaka 33. Kwa mama huyu aliyemlea kwa mikono yake akiwa mzazi na akiwa mwalimu, ilikuwa misiba miwili kwa mara moja. Kalamu ya utunzi ikanyamaza. Baada ya hapo hakuandika tena kazi kubwa.

Walichokifanya yeye na Aristide baada ya msiba huo ndicho kinachonifanya nimheshimu zaidi. Walirudi kwenye kabati za vitabu. Kwa miaka mingi Aristide alikuwa akikusanya nakala za kale za muziki wa kinanda, maandishi ya mkono na machapisho adimu ambayo wapiga piano wa wakati wao hawakuwahi kuyaona. Waliamua kuyachapa upya, kwa mpangilio na kwa usahihi, katika mfululizo walioupa jina la Le Trésor des pianistes, yaani Hazina ya Wapiga Piano. Juzuu za kwanza zilitoka mwaka 1861 kwa wasomaji waliolipia mapema. Humo mlikuwa na muziki wa karne ya 16 hadi wa karne yao: Couperin na Rameau wa Ufaransa, Scarlatti wa Italia, Bach na wanawe, sonata za Beethoven, na wengi ambao majina yao yalikuwa yamebaki kwenye kamusi tu.

Kwa nini kazi hiyo ilikuwa ngumu? Chukua ukurasa wa François Couperin wa mwaka 1713. Juu ya nota kuna alama ndogo ndogo: kimstari chenye mawimbi kama nyoka anayetambaa, wimbi lililokatwa na mstari, kijipinde. Hayo si madoa ya wino. Couperin alipigia harpsikodi, ala ambayo nyuzi zake hudonolewa, sauti ikachanua na kufifia papo hapo. Ukitaka nota ndefu isife, unaipamba: unaitetemesha kwa kuipokezana na jirani yake. Alama hizo zilikuwa maagizo ya namna ya kupamba, na kila mtunzi alikuwa na jedwali lake. Wimbi katika karne ya 18 kwa kawaida lilimtaka mpigaji aanze na nota ya juu, kisha ashuke kwenye ile iliyoandikwa. Wapigaji wa miaka ya 1860 walikuwa wamezoea kuanza na ile iliyoandikwa. Tofauti inaonekana ndogo, lakini jaribu: ukianzia juu, nota hugongana kidogo na ile ya chini yake kabla ya kutulia, kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kujibu. Ukianzia chini, mgongano huo umeufuta, na pamoja nao umefuta alichokitaka mtunzi.

Wachapishaji wengine waliondoa alama hizo, au walizibadilisha zifanane na desturi mpya. Akina Farrenc waliziacha zilivyo, wakaandika maelezo marefu ya jinsi ya kuzisoma. Walikuwa wanawatendea haki watu waliokufa miaka 100 na 200 kabla yao, ambao hawangeweza kuandika barua kwa mkurugenzi yeyote kudai chao.

Januari 1865 Aristide naye alifariki. Juzuu nane zilikuwa zimetoka. Louise alikuwa na miaka 60, mjane, aliyemzika mtoto wake wa pekee, na darasa lake likimsubiri. Aliendelea peke yake. Aliandaa matamasha ya kihistoria ambamo wanafunzi wake walipiga kazi kutoka kwenye Hazina, ili wasikilizaji wajue kwamba kurasa zile zilikuwa muziki na si mabaki ya makumbusho. Mwaka 1870 majeshi ya Prussia yaliizingira Paris. Mwaka uliofuata Wafaransa walipigana wao kwa wao mitaani, na katika siku hizo za Komuni mzee Auber aliaga dunia. Louise alivuka yote hayo. Mwaka 1872 mfululizo ulikamilika, juzuu 23. Januari 1873 alistaafu Conservatoire. Tarehe 15 Septemba 1875 alifariki, akiwa na miaka 71, akazikwa katika makaburi ya Montparnasse.

Kisha kimya. Simfoni zake zilibaki maandishi ya mkono, zikalala. Wanafunzi wake walizeeka na kufa, na mwanafunzi wa mwanafunzi hakumbuki daima ni nani aliyemfundisha mwalimu wake kuweka gumba pale. Conservatoire yenyewe ilibadilika polepole. Wanawake walianza kuruhusiwa kushindania Tuzo ya Roma, heshima ya juu kabisa ya watunzi wa Ufaransa, mwaka 1903, na mwaka 1913 Lili Boulanger akawa mwanamke wa kwanza kuitwaa ile ya kwanza ya utunzi. Louise asingeruhusiwa hata kuiomba.

Miaka 100 baada ya kifo chake watu walianza kumtafuta. Mwaka 1977 Hazina ilichapwa upya Marekani. Mwaka 1980 mwanahistoria wa muziki Bea Friedland alichapisha kitabu kizima juu ya maisha yake. Na mwishoni mwa karne wasomi wa Kijerumani walianza kuzichapa kazi zake kwa uhakiki kamili. Simfoni zake sasa zimerekodiwa zaidi ya mara moja na okestra za Ulaya, na ile ya tatu inapigwa katika kumbi ambazo zamani hazikulijua jina lake.

Ukifika Paris, nenda Bastille. Juu ya nguzo ndefu ya shaba katikati ya uwanja, iliyozinduliwa mwaka 1840, amesimama malaika wa uhuru aliyepakwa dhahabu, mguu mmoja hewani. Huyo ni kazi ya Auguste Dumont, kaka yake Louise. Tangu siku hiyo hahitaji msaada wa mtu. Asubuhi jua humkuta pale, na kila apitaye anaweza kumtazama bure, awe amesoma au hakusoma.

Kazi ya dada yake haisimami peke yake namna hiyo. Imelala kwenye karatasi mpaka aje mtu aliyefundishwa, aketi, anyooshe vidole, na asiruke kona ngumu. Louise alilijua hilo tangu mapema. Kwa hiyo miaka 30, asubuhi baada ya asubuhi, aliwaandaa watu wa kuja kuketi.